Plasmidi Yangu, Mia kwa Mia

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Saa tatu asubuhi Profesa ametuita mimi na Bi Pima kwenye chumba cha vikao, akatangaza shindano. Yeye hakuliita shindano. Aliliita jaribio la ulinganisho. Lakini mimi si mtoto. Nafasi ya fundi mkuu wa maabara iko wazi tangu aliyeishika alipostaafu, mikataba yetu inaisha mwisho wa mwezi, na sisi tuko wawili. Profesa mwenyewe amesema mwenye kazi bora ndiye atakayebaki na nafasi.

Naeleza kwa kifupi, ili watakaoandika habari za maisha yangu wasipate taabu. Kila mmoja wetu ametengeneza bakteria wake. Ndani yao tumetia plasmidi, yaani pete ndogo ya vinasaba. Bakteria mwenye pete anaihimili dawa. Asiye nayo, dawa inamuua. Sasa tunawaotesha kwenye supu isiyo na dawa hata chembe. Kila asubuhi tunachukua tone la supu ya jana na kulitia kwenye supu mpya, na kila siku tunapima wangapi bado wana pete. Kwa maana bakteria hawana tofauti na watu: mzigo usiowasaidia huutua njiani.

Namna ya kupima: unapaka tone kwenye sahani, kesho yake yameota madoa, kila doa ukoo wa bakteria mmoja. Unadonoa madoa mia kwa vijiti vya kuchokolea meno, kijiti kimoja kwa doa moja, unayahamishia kwenye sahani yenye dawa. Kesho kutwa unahesabu waliopona. Basi.

Profesa alieleza madhumuni kwa dakika ishirini. Sikuyasikia yote, nilikuwa natunga hotuba yangu ya shukrani. Aligawa karatasi pia. Nimeisoma ukurasa wa mbele. Kichwa chake ni "Kupima Uthabiti wa Plasmidi". Uthabiti! Mtu hapimi uthabiti ili atafute ulegevu. Plasmidi itakayong'ang'ania hadi mwisho ndiyo itakayoshinda.

Na lazima iwe yangu. Jana tulikula kwa mama mkwe. Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, akatangaza kwamba amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa madereva. Vigelegele. Mama mkwe akanigeukia na kuniuliza kwa upole, na wewe baba, kazi inaendaje. Ulimi ukaniponyoka. Nikasema nimefanywa fundi mkuu. Mama mkwe alinyanyuka, akanikumbatia, akalia. Mke wangu alinitazama tu. Tulipofika mlangoni kwetu akauliza ni lini nitamwambia mama yake ukweli. Nikamjibu kwamba ni ukweli, ila umetangulia kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Hesabu za kwanza. Mimi: mia kwa mia. Bi Pima: mia kwa mia. Sare.

Bi Pima nimembatiza mimi jina hilo. Anapima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai yake. Akimaliza anafuta meza. Kisha anafuta kitambaa alichofutia meza. Mtu wa namna hiyo akiwa fundi mkuu, nitaishi maisha gani?

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Mimi: tisini na mmoja. Bi Pima: tisini na tisa.

Bakteria tisa wamenitupia pete yangu kama ganda la ndizi! Niliitengeneza kwa mikono yangu, miezi minne. Nimehesabu tena. Tisa. Nimevaa miwani nikahesabu tena. Kumi, lakini huyo wa kumi nimemtetea.

Bi Pima alichungulia daftari langu, akaniambia hongera, unaanza vizuri. Hongera! Kwa sauti tamu kabisa, na uso wa huzuni juu ya sahani zake zenye tisini na tisa. Sijapata kuona kejeli iliyopikwa vizuri namna ile. Nilimshukuru huku nikisaga meno.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi: sabini na wanane. Bi Pima: tisini na saba. Ameniambia kwamba ananionea wivu! Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nilienda kusimama kwenye chumba cha baridi mpaka nikatulia.

Na huko kwenye baridi ndiko lilikonijia wazo. Utaratibu unasema tudonoe madoa mia *bila kuchagua*. Lakini nani anaona jicho langu linatua wapi? Nikitazama sahani zangu naona madoa ya kila aina: mengine manene, yanang'aa, yameshiba, mengine madogo, yamesinyaa, kama yametoka kuugua. Akili inasema nini? Aliyeshiba ndiye mwenye mali. Waliosinyaa ndio waliotupa pete yangu, na sasa wanakiona cha mtema kuni.

Leo nimedonoa manene matupu. Mia moja, yote mabonge. Kesho tutaonana.

Jumamosi, 8 Machi

Bakteria hawajui Jumamosi, kwa hiyo tuko kazini.

Kumi na tisa.

Naandika tena maana nisipoandika sitaamini. Kumi na tisa kati ya mia. Sahani yenye dawa ilikuwa nyeupe kama shuka la hoteli.

Bi Pima alipoiona alishika kifua. Akasema hajapata kuona mteremko wa namna hii, akanipa mkono! Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunifundisha. Eti pete ni mzigo, kuibeba kunakula nguvu. Bakteria akiitupa anapata nafuu, anaota haraka, doa lake linakuwa nene. Wenye pete ndio wanaosinyaa, maana wamejitwika. Akaniuliza kama na mimi nimeona kwamba manene yalikuwa mengi kwenye sahani ile. Nikasema sikuzingatia.

Kumbe! Nimedonoa wasaliti mia kwa mkono wangu. Waaminifu wote nimewaacha pale wamekonda kwa ajili yangu.

Saa tisa alasiri, alipoondoka, nikabaki peke yangu na chupa yangu ya supu. Nilikaa nikaitazama. Nikafikiria mama mkwe. Amewaambia majirani wote. Amemwambia hadi fundi wa viatu. Kisha nikafikiria hivi: bakteria wanatupa pete kwa sababu hakuna dawa. Kukiwa na dawa kidogo humo ndani, waliotupa watakufa na wenye pete watabaki. Huo si udanganyifu. Huo ni kuimarisha nidhamu.

Nikapitia stoo kwa utaratibu wa kawaida, nikachukua dawa, mililita mbili, nikatia kwenye chupa yangu. Tone kwa tone.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuja kuhamisha supu na kutia mililita mbili nyingine. Sahani za juzi: sitini na mmoja. Hizo ni za kabla ya nidhamu. Nimevumilia.

Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama ofisi yangu ina dirisha. Nikasema linaangalia bustani. Mke wangu alikuwa karibu anapindua pindo la gauni la mteja kwenye cherehani. Alisimamisha cherehani. Akaendelea.

Jumanne, 11 Machi

Jana hamsini. Leo MIA! Mia kwa mia! Wamejaa sahani nzima, mistari kumi ya madoa kumi kumi, kama gwaride. Nilicheza pale pale kati ya friji na sinki.

Bi Pima: tisini na mmoja. Alikuja, akatazama sahani yangu, akaishusha taratibu. Akasema pole sana. Pole! Kwa hiyo nikiwa chini ni hongera, nikiwa juu ni pole. Kijicho hakina haya.

Kisha akauliza swali, kwa adabu zake zote. Akasema bakteria akishatupa pete, ametupa. Hana pa kuitoa nyingine. Sasa jana walikuwa hamsini wasio nayo. Leo wameipata wapi?

Sikulitegemea swali hilo. Nilisema hesabu ya jana ilikuwa na dosari, mwanga ulikuwa hafifu. Akasema mwanga ulikuwa sawa kwenye meza yake. Nikasema meza yangu iko upande wa magharibi. Akatazama dirisha, akatazama meza, akarudi kufuta vitambaa vyake.

Baadaye Profesa alipita kukagua madaftari. Ni mwanamke mpole, miwani yake inaning'inia kwenye uzi, hapandishi sauti hata akiungua na maji ya moto. Alisoma tarakimu zangu zote kuanzia juu hadi chini. Akachukua penseli, akaizungushia ile mia ya leo duara dogo. Nimetafsiri duara kuwa ni pongezi.

Jumatano, 12 Machi

Mia tena! Bi Pima themanini na tisa na uso umemshuka. Kesho kwake ni kilio.

Kesho ni tathmini. Nimenyoosha shati la bluu. Hotuba iko tayari, ina sehemu tatu. Sehemu ya pili inamtaja Bi Pima kwa ukarimu, kwamba naye alijitahidi. Nimemsomea mke wangu. Alisikiliza yote akiwa na pini mdomoni. Alipozitoa akaniuliza, hivi hiyo plasmidi wanaitaka ya nini? Nikamwambia hayo ni mambo ya Profesa, kazi yetu sisi ni kupima. Akasema yeye mteja akileta kitambaa, swali la kwanza analouliza ni nguo ya kwenda wapi. Nikamwambia sayansi si cherehani.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandikia chooni, ndiko pekee mlango una komeo.

Tulikaa chumba kile kile cha vikao. Profesa akafungua madaftari yetu mawili ubavu kwa ubavu. Akasema, kama alivyoeleza siku ya kwanza na kama ilivyoandikwa nyuma ya karatasi (NYUMA ya karatasi!), bakteria hawa watamwagwa kwenye udongo uliomwagikiwa mafuta machafu ya mashine, wayale mafuta. Kinachowawezesha kuyala kiko ndani ya pete. Wakishamaliza kazi hatutaki pete ibaki duniani, maana ina uwezo wa kuihimili dawa, na uwezo huo ukihamia kwa vijidudu vya magonjwa tutajuta. Kwa hiyo tunatafuta plasmidi inayoshika kazi siku chache kisha inaachwa. Inayotupwa haraka ndiyo nzuri.

Inayotupwa haraka ndiyo nzuri.

Niligeuza karatasi yangu. Kweli ina upande wa pili. Umejaa maandishi.

Basi "hongera" zilikuwa hongera. Wivu ulikuwa wivu wa dhati. "Pole" ilikuwa pole. Wiki nzima mwanamke yule alikuwa ananiambia ukweli usoni, na mimi namsagia meno.

Profesa akaendelea, kwa masikitiko ya kweli, na hayo ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Akasema siku sita za kwanza alikuwa na hakika kabisa kwamba plasmidi yangu ndiyo. Mteremko mzuri, hata ukiitoa ile kumi na tisa ambayo imeruka kupita kiasi. Alikwishaanza kuandika barua ya kupendekeza jina langu. Kisha ghafla mia, mia, na leo mia. Plasmidi isiyobanduka haimfai. Ya Bi Pima inashuka polepole mno, lakini angalau inashuka. Atatoa uamuzi Jumatatu. Akaniuliza kama nina la kusema.

Nilikuwa na hotuba ya sehemu tatu mfukoni. Nikasema sina.

Nimekaa hapa nusu saa nalipigia hesabu. Plasmidi yangu ilikuwa imeshinda. Imeshinda yenyewe, bila msaada wangu. Nikitaka ushindi wangu lazima niseme kwamba zile mia ni za dawa. Nikisema ni za dawa, nimeungama kwamba nimechezea jaribio, na mchezea jaribio hapewi hata kazi ya kuosha chupa. Nikinyamaza, kazi yangu salama lakini cheo kinakwenda kwa Bi Pima, na mama mkwe anabaki na dirisha la bustani ambalo halipo. Kushoto moto, kulia maji ya moto. Fundi wa bomba, aliyekuja kutengeneza choo, amebisha hodi mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Sikulala vizuri, lakini asubuhi wakati napiga mswaki mwanga umenishukia. Ipo njia ya tatu!

Dawa ilitiwa. Hilo Profesa lazima alijue. Lakini nani kasema aliyetia ni mimi? Mtu anaweza kuwa ametia. Adui. Mtu fulani tu asiye na jina. Mimi nitakuwa ndiye niliyeonewa, plasmidi yangu itasafishwa jina, jaribio litarudiwa, nitashinda, na hotuba itafaa bado isipokuwa sehemu ya pili.

Nimeandika barua isiyo na jina. Kwa mkono wa kushoto. Nimechana nne za kwanza kwa sababu zilisomeka. Ya tano imekaa sawa:

"Mheshimiwa Profesa. Mimi ni mtu mwema tu ninayependa haki. Nimeona kwa macho yangu kwamba kuna mtu anatia dawa, mililita mbili kila siku tangu Jumamosi saa tisa na dakika kumi, katika chupa ya yule fundi hodari na mnyenyekevu. Mtu huyo simjui na sitamjua. Tafadhali jaribio la fundi huyo lirudiwe. Ni mimi, Mtu Mwema."

Nimeisukuma chini ya mlango wa Profesa wakati wa chai. Nikarudi mezani nikapiga mluzi. Bi Pima akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, yeye ndiye mwenye wasiwasi. Akasema hana wasiwasi wowote. Nikasema vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Natamani ardhi ipasuke.

Profesa ameichukulia barua kwa uzito mkubwa, zaidi ya nilivyotarajia. Saa mbili asubuhi alituita wote watatu: mimi, Bi Pima, na mtunza stoo, mzee mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaisoma barua kwa sauti. Alipofika kwenye "hodari na mnyenyekevu" alisimama kidogo akanywa maji.

Kisha akasema mtu aliyefanya jambo hili ni hatari kwa maabara, lazima apatikane leo. Nikasema kwa sauti imara kwamba nakubaliana naye. Hata nilipiga meza.

Akaagiza supu yangu ipimwe. Bi Pima akatia tone la supu kwenye kikaratasi, akakilaza juu ya sahani ya bakteria wa kawaida. Tukaambiwa tungoje mpaka jioni tuone kama watakufa. Mtunza stoo akasema kwani kuna haja gani ya kungoja. Dawa ile hutoka stoo kwake tu, na stoo yake haitoi kitu bila saini. Akafungua daftari lake kubwa mezani, akalamba kidole, akafunua.

Ndugu msomaji wa baadaye, nitasema nini? Miaka saba nimefanya kazi kwenye maabara. Miaka saba nimefundishwa: ukichukua kitu, saini. Mkono umeshazoea, haungoji kichwa. Pale palikuwa na mistari mitano. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Saa, dakika, kiasi. Mwandiko safi kuliko wote katika ukurasa. Saini yangu yenye mkia. Na chini ya safu ya "matumizi" siku ya kwanza nimeandika: *kuimarisha nidhamu*. Siku nne zilizofuata: *kama hapo juu*.

Mtunza stoo akasema daftari lake halijawahi kujazwa vizuri namna hii, laiti wote wangekuwa hivyo.

Profesa akavua miwani. Akaniuliza, kwa sauti ile ile ndogo, Mtu Mwema alijuaje kwamba ni mililita mbili. Bi Pima alikuwa anatazama sakafu, na niliona haya kuliko nilivyopata kuona maishani mwangu, maana sikuona furaha usoni kwake. Angefurahi ningemudu.

Nikasema yote. Manene, membamba, dawa, ukurasa wa nyuma, barua, hata mama mkwe. Kwa nini nilimtaja mama mkwe sijui. Profesa alisikiliza mpaka mwisho akaniambia niende nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi

Hukumu.

Bi Pima ndiye fundi mkuu. Mimi nimeongezewa miezi sita, chini ya Bi Pima, na sitagusa sahani bila yeye kusimama pembeni. Sikufukuzwa! Profesa amesema sababu ni mbili. Kwanza, plasmidi niliyotengeneza ni nzuri na yeye anaihitaji. Pili, katika miaka yake thelathini hajakutana na mdanganyifu anayetunza kumbukumbu kwa uaminifu namna hii, na anahisi mtu huyo bado anaweza kufaa. Jaribio langu linaanza upya kesho, kutoka kwenye akiba iliyogandishwa, bila dawa.

Nilimwambia mke wangu jioni. Nililia, naandika wazi. Alisimamisha cherehani, akaja akakaa karibu yangu. Akasema mama yake hajawahi kumwuliza cheo changu hata siku moja. Alichouliza Jumapili ile ni kazi inaendaje, na ningejibu kwamba inaendelea vizuri angenikumbatia vile vile. Akasema nimpigie tu, dakika mbili, yaishe. Aliniletea simu mkononi.

Nikamwambia kesho.

Jumanne, 25 Machi

Siku nane bila hila! Bi Pima anasimama pembeni kama askari wa benki, kila kijiti nikinyanyua anakitazama. Tunadonoa kwa mstari, wanene kwa wembamba, bila kuchagua. Hesabu za leo: ishirini na sita, na zinazidi kushuka kwa utaratibu mzuri ajabu. Alisema hongera. Safari hii nimeielewa, nikasema asante, dada. Akashtuka kidogo. Amenipa nusu ya andazi lake, ingawa alilikata kwa rula.

Kwa kweli kazi ni tamu mtu akiifanya tu. Nimeshangaa.

Jumamosi, 29 Machi

Imekwisha. Watatu kati ya mia! Profesa amekubali rasmi: plasmidi yangu ndiyo itakayokwenda kwenye udongo. Alinipa mkono mbele ya mtunza stoo. Bi Pima alipiga makofi. Nilipotoka nje nilihisi kichwa changu chepesi, nikasema moyoni kwamba kweli haki huinua mtu, kuanzia leo mimi ni mtu mwingine, sitadanganya tena kiumbe yeyote.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaniambia mama yake anakuja Jumatatu. Amekata tiketi. Anataka kuiona ofisi ya mkwe wake, na anamleta jirani mmoja anayebisha kwamba nina cheo hicho. Mke wangu akasema safari hii sitanusurika, nimpigie sasa hivi, nimwambie sina cheo ila plasmidi yangu imeshinda, na hilo ni jambo kubwa na ni la kweli. Alisema maneno mazuri sana. Machozi yalinilengalenga.

Nimemwelewa kabisa. Ukweli ndiyo njia. Ila namwonea huruma mama. Mtu mzima, safari ndefu, na jirani yuko naye. Si vizuri kumvunja moyo kituoni na mizigo mkononi. Nitamwambia, lakini baada ya chai, akishapumzika. Pengine Jumatano.

Na Jumatatu, saa nne hadi saa tano na nusu, Bi Pima atakuwa kwenye kikao na Profesa. Ofisi yake itakuwa tupu. Ina dirisha. Mfagiaji ana ufunguo na hatanidai zaidi ya tabasamu, maana niliwahi kumsaidia kubeba ndoo. Mchora vibao wa mtaani amenihakikishia kwamba kibao cha "FUNDI MKUU" kitakuwa kimekauka kesho jioni, na jina langu chini yake kwa rangi nyekundu. Kinabandikwa kwa gundi ya muda, kinabanduliwa kwa sekunde moja.

Jioni hii nimerudi maabara mara moja, nikaupima mlango wa ofisi kwa rula ya Bi Pima. Mara mbili. Kibao kitakaa sawasawa.